Biskuti za siagi ya karanga zinatanuka na kuvunjika

Wapishi, habari. Siagi ya karanga kikombe 1, sukari kikombe 1, yai 1, bila unga. Oveni 180°C, dakika 12. Zinatanuka hadi zinaungana, nikizinyanyua zinavunjika. Nakosea wapi?

— Siagi ya kusaga nyumbani? Mafuta yake hupanda juu. Koroga mpaka chini kabisa ndipo upime. Ukichota ya juu tu, umepima mafuta. Kisha donge likae friji dakika 30.

— Kuvunjika ni haraka yako tu, dada. Hutoka laini katikati. Ziache kwenye trei dakika 10 zishikane.

— Zikiendelea kutanuka, ongeza unga wa ngano vijiko 3 vya chakula. Uma wa kubonyezea mistari uchovye kwenye sukari, usinate.