Kutoa data za Trello kwenda kanzidata: CSV, JSON au API?

Mwana_Chamwino
Mbukwenyi wakuu. Tuko mafundi tisa wa visima, tunazunguka vijiji vya Chamwino na Bahi. Pampu ikiharibika tunafungua kadi Trello, programu ya mtandaoni ya kufuatilia kazi kwenye ubao wa kadi, nayo inapita orodha nne: Imeripotiwa, Fundi Ametumwa, Inasubiri Spea, Imekamilika. Mwaka wa tatu huu. Nataka kujua kijiji kinakaa siku ngapi bila maji, na siku hizo zinapotelea wapi, kwa fundi au kwa spea. Ofisi iko Nkuhungu, intaneti ni ya bando, kompyuta ni moja yenye RAM ya GB 4. Nipite njia gani?

Alizeti_Singida
Mkuu, CSV, faili la jedwali la kawaida, inatosha. Natoa kila mwisho wa mwezi, nafungua kwa Excel, kazi imeisha. Mistari 1,048,576 ya Excel hutaijaza kwa pampu. Ila ujue CSV ipo kwa waliolipia Premium, kifurushi cha kulipia cha Trello.

Baba_Nzuguni
Kaka wa Singida, kwa kuhesabu kadi uko sahihi, lakini swali lake ni jingine. CSV inakuonyesha kadi iko orodha gani leo. Haikwambii ilifika lini wala ilikaa siku ngapi kule ilikotoka, na yeye anatafuta hizo siku.

Historia iko kwenye matukio ya ubao. JSON, faili la maandishi linalobeba data zote za ubao, ni bure kwa kila mtu na inayabeba, ila inaishia matukio 1,000 ya mwisho. Kwa miaka mitatu utapata kipande cha juu tu, tena bila kugundua kwamba kuna kilichobaki.

Kwa hiyo API, yaani mlango ambao programu yako inaiomba Trello data moja kwa moja. Unaomba matukio 1,000, unachukua la zamani kuliko yote, unaomba tena yaliyolitangulia kwa kigezo cha `before`, mpaka yaishe. Chuja kwa `updateCard:idList` upate uhamisho peke yake, bando litakushukuru. Kila tukio linakuja na `listBefore`, `listAfter` na muda. Jedwali lako ni safu nne: kadi, ilikotoka, ilikoenda, lini.

Siku kadi ilipozaliwa huhitaji kuitafuta. Herufi 8 za mwanzo za kitambulisho chake ni sekunde tangu 1970 kwa namba za heksadesimali (za msingi wa 16). Nilipolijua hilo niliacha kuwasumbua wenzangu kuandika tarehe kwa mkono.

Zabibu_Makutupora
Naunga mkono API. Kuhusu programu ya kanzidata, PostgreSQL ni nzuri watu wengi wakiandika kwa wakati mmoja, naitumia kila siku kazini. Kwako wewe, SQLite. Ni faili moja, haitaki seva, lugha ya programu ya Python inakuja nayo tayari, na umeme ukikatika katikati ya kuingiza, muamala ambao haujakamilika unarudishwa nyuma.

Angalia saa lakini! Trello inaandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Kadi iliyosogezwa tarehe 1 Aprili saa 7:20 usiku (01:20) itasomeka 31 Machi saa 22:20, na ripoti ya mwezi imeshaharibika. Ongeza saa tatu kabla ya kuhesabu chochote.

Mama_Iyumbu
Kwenye maoni ya kadi najua mmeandika namba za simu za wenyeviti wa vijiji. Msiziingize kwenye kanzidata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na hesabu ya siku haizihitaji.

Mwana_Chamwino
Shikamoo mama, nimeziacha nje. Wakuu, nimekesha nayo na imekubali. Kadi moja ya Mpwayungu: siku 2 kwa fundi, siku 31 Inasubiri Spea. Kilichokosekana ni mpira wa pistoni, kitu cha kutia mfukoni. Nimeangalia ule mstari muda mrefu, maana kina mama wa pale nawafahamu. Naupeleka kikaoni ili mipira ikae huko huko vijijini kabla mvua hazijakata.

Swali la mwisho: kadi iliyorudi Inasubiri Spea mara mbili nahesabuje?

Baba_Nzuguni
Jumlisha vipindi vyote viwili. Tumia `LEAD`, amri ya SQL inayokuletea mstari unaofuata, kwa kila kadi, ukipanga kwa muda. SQLite inayo tangu toleo la 3.25 la 2018. Na waambie mafundi kadi ikiisha waihifadhi (Archive), wasiifute. Iliyofutwa hairudi.