Tupeane uzoefu: Kulinda PIN ya KRA msimu huu wa ritani

Wadau, dirisha la kujaza ritani za ushuru kwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) hufungwa 30 Juni, na wiki mbili za mwisho saiba (maduka ya intaneti) hujaa hadi mlangoni. Hapo ndipo kitambulisho, PIN (nambari yako ya mlipa ushuru) na neno la siri hupita mikononi mwa watu usiowajua. Anayeijua kazi hii aweke hatua kamili.

Mhasibu wa Mtaa:
Anzeni na barua pepe. Neno la siri la iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, likisahaulika, jipya hutumwa kwa anwani iliyosajiliwa kwenye PIN. PIN nyingi zilifunguliwa saiba, na mteja asiyekuwa na barua pepe akawekewa ya mwenye duka. Basi hata ukibadilisha neno la siri leo, mwenye ile anwani anaweza kuomba jingine kesho. Ingia iTax ukague anwani na nambari ya simu. Zikiwa si zako, zibadilishe kwanza, neno la siri lifuate. Ukishindwa kuingia, nenda Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) na kitambulisho halisi, si nakala.

Karani wa Ushuru:
Mwenzangu kasema kweli, ila wengi hukomea hapo. Pakueni cheti cha PIN msome jedwali la aina za ushuru. Mwajiriwa asiye na biashara kwa kawaida ana mstari mmoja tu, ushuru wa mapato wa mtu binafsi. Ukikuta VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa kwenye mauzo) ambayo hukuiomba, kuna mtu amekusajili. PIN za namna hiyo hutumika kutoa ankara za bidhaa ambazo hazikuuzwa, ili mnunuzi adai VAT ambayo hakuna aliyeilipa. Wahusika hutoweka, jina linalobaki kwenye makaratasi ni lako. Isitoshe, ritani ya VAT hutakiwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Isipojazwa, faini ni KSh 10,000 au 5% ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Miezi sita ya kutojua ni KSh 60,000 kwa uchache. Andikia KRA mara moja, na upige ripoti polisi upate nambari ya OB (daftari la matukio la polisi).

Mama Saiba:
Mimi niko upande wa kaunta, na nasema hivi kwa wateja wote: andikeni neno la siri wenyewe, msinitajie. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno hilo, kataeni. Kazi ikiisha, ondokeni kwenye akaunti, kisha fungueni folda ya Downloads: P9 (fomu ya mwajiri ya mshahara na ushuru wa mwaka), risiti ya ritani na cheti cha PIN vyote vimelala pale. Futeni, halafu mmwage na pipa la taka la kompyuta. Inueni kifuniko cha mashine ya fotokopi, kitambulisho husahaulika pale kila siku. P9 mkiituma kwa WhatsApp, faili hubaki kwenye simu ya duka hata mkiondoka, kwa hiyo flashi ni bora. Na nakala ya kitambulisho ipigwe mstari wa kalamu juu ya picha: "Ya ritani tu", na tarehe.

Fundi Laini:
Kwa wa Safaricom: *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa kwa mawakala, ibaki maduka ya Safaricom pekee. Ujumbe wa ulaghai upelekeni 333, ni bure.

Mgeni Hapa:
Na wale wanaopiga simu wakisema PIN itafungwa nisipolipa sasa hivi?

Karani wa Ushuru:
Kata simu, ndugu. Deni la kweli utaliona kwenye iTax yako mwenyewe. Ukiwa nalo, toa PRN (nambari ya malipo inayotolewa na iTax), lipa kwa Paybill 222222, na PRN ndiyo nambari ya akaunti. Anayetaka pesa zitumwe kwa nambari ya mtu, au anayeuliza neno la siri au PIN ya M-Pesa, si KRA huyo.

Mhasibu wa Mtaa:
Na jazeni mapema, P9 ikitoka tu. Ritani ya mwaka ikishaingia, iTax haipokei nyingine ya kwanza kwa kipindi hichohicho, ila marekebisho. Aliyekusudia kukujazia ya sifuri (inayosema hukuwa na mapato) kwa siri atakuta mlango umefungwa.