Nimealikwa kwenye mgahawa wasiopika kitu, niagize nini?

Kijiko_Kikubwa
Wakuu habari zenu. Shemeji yangu anasherehekea siku ya kuzaliwa na ametualika ukoo mzima kwenye mgahawa wa vyakula vibichi vitupu. Nyama, maziwa, mayai, hata asali hamna, na moto hauwashwi. Nimepitia menyu yao: piza, lazanya, jibini, keki. Hapo ndipo kichwa kiliponiuma. Piza mbichi inakuwaje? Mimi ni mtu wa kula nikashiba, na sitaki shemeji anione nachokoachokoa sahani. Halafu binti yangu ana aleji ya karanga. Nile kwanza nyumbani?

Jikoni_Usiku
Nimefanya kazi kwenye jiko la namna hiyo. Mkuu, usile nyumbani, chakula chao ni kizito kuliko unavyodhani. Hiyo jibini ni korosho zilizolowekwa mpaka zikalainika, zikasagwa kwenye blenda na limau na chumvi, wengine huziacha zichachuke kidogo. Kibakuli kimoja kinameza korosho za kutosha mtu kushindia. Ukiifakamia, utalala umejishika tumbo.

Piza: wanasaga mbegu za kitani na mboga, wanatandaza rojo jembamba kwenye trei, mashine ya kukaushia inapuliza hewa vuguvugu usiku kucha. Mbegu za kitani zikilowa zinatoa utelezi, ndio unaoshikanisha. Joto wengi hawavuki nyuzi 42 za Selsiasi, wengine hufika 48. Zaidi ya hapo wanahesabu kimepikwa. Kinachotoka ni kikavu, kinavunjika kwa mlio, na si kibaya. Ila anayesubiri piza atanuna.

Kwa hiyo achana na kila kilichoazima jina. Agiza saladi ya majani magumu. Mpishi anayafikicha kwa mikono, chumvi na limau, mpaka yananywea, yanakolea rangi na kuacha maji chini ya bakuli. Hapo ndipo utajua kama jiko lao linajua kazi. Keki ya tende usiikose, ila uile mara ikifika mezani: inashikiliwa na mafuta ya nazi, na yakipata joto inalegea.

Kuhusu binti, hapo hakuna mzaha. Ni karanga peke yake, au na korosho na lozi?

Kijiko_Kikubwa
Zote. Daktari alisema tuziepuke kabisa.

Jikoni_Usiku
Basi piga simu kabla ya siku yenyewe, usingoje mhudumu mezani. Blenda ni zilezile kwa kila kitu, na korosho iko hadi kwenye sosi. Wakisitasita kujibu, mtoto abaki nyumbani na bibi. Shemeji ataelewa.

Mzee_wa_Hoja
Mimi hawa watu wa vyakula vibichi wananichosha na habari za moto kuua vimeng'enya, ati ndivyo vinavyosaidia kusaga chakula tumboni. Vimeng'enya vya kwenye mboga ni protini, vingi tumbo lako linavivunja kwa asidi vikifika. Vitamini C kweli hupungua mbogani ukipika, nakubali. Lakini laikopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, mwili huifyonza vizuri zaidi ikipikwa. Na korosho zinazouzwa kama mbichi kwa kawaida zimeshapitishwa kwenye mvuke au moto, maana mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi. Waulize hilo uone.

Tunda_Moja
Mzee, mwenzio anakwenda kwenye sherehe, wewe unamtuma akafanye mdahalo! Mkuu, kama kuna mjamzito kwenye msafara wenu, asile mbegu zilizooteshwa. Unyevu na vuguvugu vinavyoziotesha ndivyo bakteria wanavyovipenda. Ujerumani mwaka 2011 mbegu za uwatu zilizooteshwa zilihusishwa na mlipuko wa bakteria wa E. koli ulioua watu zaidi ya 50. Vingine kula kwa raha zako.

Kijiko_Kikubwa
Nimepiga simu. Aliyepokea amesema hawezi kunihakikishia lolote kuhusu korosho, na nimempenda kwa kusema ukweli. Binti anabaki na bibi yake. Mzee, hilo swali la ganda nalitunza kwanza, shemeji ndiye anayelipa.

Mzee_wa_Hoja
Haya. Basi niulizie bei ya hiyo keki.