Corolla 110 inatoa moshi wa bluu, nihamie oili ya 20W-50?

Wakuu, nina Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, niko Dar. Nikiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, halafu unakata. Fundi anataka niache oili ya 10W-30 niweke 20W-50, iliyo nzito zaidi. Ni sawa?

— Mkuu, moshi wa kuwashia tu mara nyingi ni sili za vali (vipira vinavyozuia oili isivujie kwenye silinda na kuungua) zimekauka. Oili nzito itapunguza, haitatibu. Kwa joto la Dar 20W-50 inafaa kabisa, ila sili zibadilishwe, nakusihi.

— Mimi niko Mbeya, baridi ya Julai naijua. Huku ningeishia 10W-40, maana oili nzito huchelewa kupanda juu kwenye vali.

— Pima oili kwa stiki kila wiki, gari ikiwa sehemu tambarare. Na kopo la oili lenye sili ya kifuniko iliyochezewa usinunue.