Mjadala: Filamu ya mtaa mmoja wa mji wetu ipigwe Mji Mkongwe au Ng'ambo?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Swali lililo mbele yetu ni hili: ikiwa zitapatikana fedha za kutengeneza filamu kubwa ya Kizanzibari isiyo na nyota mmoja, bali inayofuata maisha ya watu wengi wa mtaa mmoja ambao visa vyao vinaingiliana, mtaa huo uwe upi? Waliotangulia kuchangia wamegawika pande mbili. Wa kwanza wamesema Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, kwa hoja kwamba vichochoro vyake vinawakutanisha watu bila ya mwandishi kujisumbua, na kwamba jina lake limekwisha kuenea duniani tangu UNESCO ilipouingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wa pili wamesema filamu ya namna hiyo isitengenezwe popote, kwa sababu kuyaanika maisha ya majirani ni kuvunja sitara. Natofautiana na wote, ingawa si kwa kiasi kimoja. Naona filamu itengenezwe, na ipigwe Ng'ambo, upande wa mji ulio mashariki ya Mji Mkongwe.

Sina ugomvi na Mji Mkongwe. Nimekaa Mkunazini miaka sita, katika nyumba ya zamani iliyogawiwa familia nne zinazotumia ua mmoja na bomba moja, na ninajua kwamba nyuma ya milango ile ya nakshi wapo watu wanaopika, wanaogombana na wanaouguza wazee wao. Lakini wanaokuja pale na kamera mara nyingi hawawatafuti watu hao. Siku moja walikuja vijana waliokuwa wakipiga filamu, wakatuomba tuanue nguo zetu zote na tuliteremshe dishi la jirani, kwa kuwa, walivyosema, vilikuwa vikiharibu sura ya mji. Tulianua. Jioni yake bibi mmoja wa nyumba ile akauliza: ikiwa nguo zetu zinaiharibu sura ya mji, basi sisi tunaozivaa tunafanya nini humu? Tangu hapo nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na maduka ya vinyago, na kila inayogeuzwa inawaondoa watu ambao wangekuwa ndio wahusika wa filamu tunayoizungumza. Mwandishi atakayekwenda kutafuta visa vya majirani katika kichochoro ambacho milango yake mingi ni ya wageni wa siku tatu atalazimika kuwabuni majirani wenyewe.

Ng'ambo majirani wapo. Zamani hori ya bahari iliutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki, na Darajani palipata jina lake kwa daraja lililoivuka hori hiyo kabla haijafukiwa. Waliokaa upande wa pili wakaitwa watu wa ng'ambo, na jina hilo linaonesha wazi ni upande gani uliokuwa na mamlaka ya kuita majina. Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Mjini Magharibi kuwa na watu 893,169 kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima, na walio wengi mno kati yao hawalali Shangani wala Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe. Wanalala Jang'ombe, Magomeni, Mpendae, Kikwajuni, na katika majumba ya Michenzani. Ikiwa filamu inadai kuonesha maisha ya mji wetu, na isiwaoneshe hawa, itakuwa imeonesha mlango na kuiacha nyumba.

Michenzani hasa ndipo ninapopapendekeza. Majumba yale kumi yalianza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na nyumba za udongo zilizokuwa pale zikabomolewa ili kuyapisha. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko kilichojengwa, kwani ulikusudia kuigeuza Ng'ambo yote, ukaishia njiani; ndiyo maana hadi leo, ukishuka ngazi za jumba refu, hatua chache tu unakuta nyumba za mabati zenye baraza na wazee wanaokunywa kahawa. Katika mtaa mmoja pana aina mbili za ujirani, ule wa baraza na ule wa ngazi, na watu wanahama kutoka mmoja kwenda mwingine kila siku. Sijui ni mwongozaji gani angeomba zaidi ya hapo.

Wanaosema jumba la ghorofa halina mvuto wa sinema nawakumbusha filamu ya Kimisri ya Jengo la Yacoubian, iliyoongozwa na Marwan Hamed na kutoka mwaka 2006. Yote inazunguka jengo moja la Cairo, wenye uwezo wakikaa katika fleti na maskini katika vyumba vya juu ya paa, na hakuna mtu mmoja unayeweza kusema kwamba filamu ni yake. Wabunge wa Misri zaidi ya 100 walitaka vipande vyake vikatwe, jambo ambalo watetezi wa sitara wanaweza kulitumia dhidi yangu, na nitalifikia. Kwa sasa nataka tuone tu kwamba jengo la kawaida, lenye watu wa kawaida, liliweza kuutikisa mji mzima.

Linalonishughulisha zaidi ni namna ya kuviunganisha visa. Filamu kadhaa za aina hii kutoka Marekani huwakutanisha watu kwa ajali: magari yanagongana, na watu wasiojuana wanajikuta wamefungwa katika jambo moja. Hilo linafaa mji ambao mtu hamjui anayekaa mlango wa pili. Kwetu watu wamekwisha kufungwa pamoja kabla filamu haijaanza: kwa daftari la mkopo la dukani, kwa mchezo wa upatu wa kina mama, kwa barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ambayo huwezi kupata kitambulisho bila ya kuwa nayo, kwa chuo cha Qur'ani walichosoma pamoja, kwa jeneza la msikiti mmoja. Mwandishi hahitaji kutubunia nyuzi. Anahitaji jambo moja litakalozivuta zote kwa wakati mmoja, na jambo hilo sisi tunalo.

Disemba 2009 iliharibika njia ya umeme tunaoletewa kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, na Unguja ikakaa kizani hadi Machi 2010. Ilikuwa takriban miezi mitatu (Pemba haikuguswa, kwa kuwa wakati ule ilitumia majenereta yake yenyewe). Kila aliyekuwapo ana kisa chake, na visa hivyo vimesukana kama ukili wa mkeka. Umeme ulipokatika maji nayo hayakupanda, kwa sababu pampu zinategemea umeme. Basi ndoo zikapanda ngazi za Michenzani kwa mikono na vichwa, na mtu wa ghorofa ya juu aliyekuwa hasalimiani na wa chini akalazimika kumjua kijana wa kumbebea maji. Muuza samaki alikosa barafu, akawa anauza kwa bei ya hasara ifikapo saa saba mchana, na jirani yake akala changu aliyekuwa hamwezi kwa bei ya zamani. Mama aliyewasomesha wanawe kwa kuuza barafu za ukwaju alilizima friji lake na hakuwa na pengine pa kushika. Mgonjwa wa sukari alitafuta mahali pa kuhifadhia dawa inayotaka baridi. Mwanafunzi wa kidato cha sita alisoma kwa kibatari.

Na palikuwa na mwenye jenereta. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi, yeye ningemweka katikati, si kwa kuwa ndiye mwema wala ndiye mbaya, bali kwa kuwa kila mmoja katika mtaa alipaswa kuamua amwendee vipi. Nani apewe waya na nani anyimwe? Anayechangia petroli ana haki zaidi ya mgonjwa asiyeweza kuchangia? Na mtu aliyewahi kumsema vibaya barazani, leo aje na simu yake kuomba kuichaji? Waya mmoja ukitoka dirishani kwake, ukivuka ngazi na kuingia mlango wa pili, unaonesha kwa macho ni nani yuko karibu na nani, jambo ambalo siku za kawaida husitiriwa na adabu. Nilikuwa Kikwajuni wakati ule, na nakumbuka harusi iliyosogezwa mbele mara mbili kwa kungojea umeme, kisha ikafanywa kwa karabai, na wazee wakasema ndiyo waliyoijua wao.

Sasa niende kwa wenye hoja ya sitara, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema mtu ana haki ya kufichiwa aibu yake, na kwamba filamu itakayoonesha mtoto aliyeingia katika dawa za kulevya au mke aliyeachwa kwa dhuluma itawafanya watu watafute ni nyumba ipi iliyokusudiwa. Wana haki ya kuogopa. Katika mtaa mdogo kisa hakikosi mwenyewe. Lakini naomba tukumbuke kwamba sanaa ya kusema ya mtaani bila ya kumvua mtu nguo si ngeni kwetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na kuja kuishi Ng'ambo, aliviimba visa vya mtaani na dhuluma za mahakamani kwa Kiswahili, baada ya taarabu kuwa imezoeleka kwa Kiarabu katika kasri la Sultani, na watu walimsikiliza kwa kuwa walijisikia ndani yake. Mama zetu wanasema makubwa kwa kanga moja bila ya kumtaja mtu. Fumbo ndiyo njia yetu ya kuyasema mazito huku tukisitiriana, na mwandishi anayejua kazi yake atachukua dhuluma ya nyumba moja, uso wa nyumba nyingine na maneno ya nyumba ya tatu, hadi kisa kiwe cha mtaa wote. Waliokata kauli kwamba kunyamaza ndiyo sitara pekee naomba watueleze, kwa huyo mke aliyedhulumiwa, ni nani anayesitiriwa na kimya hicho, yeye au aliyemdhulumu.

Hata hivyo nakubaliana nao katika jambo moja, nalo ni kwamba kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni hakitoshi. Baraza litasoma mswada, lakini halitajua kwamba mhusika fulani anafanana mno na mtu wa jumba namba fulani. Wanaoweza kujua ni watu wa mtaa. Ningetaka mswada usomwe mbele ya wazee na kina mama wa pale kabla kamera haijafika, na wawe na haki ya kusema, hili libadilisheni.

Kuhusu lugha nitasema machache. Waigizaji waseme Kiunguja cha Ng'ambo kama kinavyosemwa, na wasifunzwe kuzungumza kama watangazaji wa taarifa ya habari. Kuhusu mahali pa kuioneshea, tamasha la filamu linalofanyika hapa tangu 1998 limezoea Ngome Kongwe, na ni mahali pazuri, lakini naomba hii ioneshwe kwanza Michenzani penyewe, usiku, juu ya ukuta wa jumba mojawapo, watu wakiwa wamekaa chini na wengine madirishani mwao.

Nawaomba wanaotaka Mji Mkongwe wataje mtaa mmoja wa huko ambao familia zake bado zinatosha kuibeba hadithi kama hii. Nikioneshwa, nitaurudia msimamo wangu kuuangalia upya. Na wale mliokuwa Michenzani katika miezi ile mitatu, tuambieni hapa, bila ya kutaja majina: jumba lenu lilipata maji kutoka wapi, na waya wa jenereta ulifika mlango wa nani?