Mada: Draivu shafti ya gari ya mama Chake, ninunue huku au huko?

Kutoka: Bint Chake, Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu. Toyota IST ya mama kule Chake Chake, Pemba, otomatiki, ikikata kona inalia ka-ka-ka upande wa kushoto. Fundi kasema draivu shafti, zile fimbo za chuma zinazotoka giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya mbele, zimekwisha, zibadilishwe zote mbili. Kaka anakwenda likizo mwezi ujao, nataka nimbebeshe. Mtandaoni huku naona za Yaris, bei si mbaya, lakini kila duka laniuliza namba ya chesisi yenye tarakimu 17 na kwenye kadi ya gari namba ni fupi. Mnanishauri vipi?

Kutoka: Abu Jang'ombe, Milton Keynes

Waaleikum salaam dada. Usinunue kitu kwanza.

Hiyo namba ya tarakimu 17 hutaipata, gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina. Yake ni fupi: NCP60 au NCP61, kistari, kisha tarakimu saba. Imegongwa kwenye ukuta wa bodi nyuma ya injini, ukifungua boneti unaiona. NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni 1.5, na NCP65 inavuta kwa magurudumu yote manne. Namba hiyo ndiyo inayotoa namba ya spea ya Toyota. Yaris ya Uingereza ni ndugu yake IST, sikatai, ila nyingi za huku ni gia za mkono, na shafti inaweza kupishana urefu, idadi ya meno ya kwenye ncha zake au ringi ya ABS (ile breki isiyofunga magurudumu). Ukishaipeleka Pemba ndiyo utajua, na kuirejesha duka la huku ni gharama nyengine.

Sasa huo mlio. Kulia wakati wa kukata kona ni jointi ya nje, yaani kiungo cha shafti kinachojikunja, kile cha upande wa gurudumu. Gari ingekuwa inatetemeka ukikanyaga mafuta hali inakwenda moja kwa moja, ningesema jointi ya ndani, ya upande wa giaboksi. Mara nyingi chanzo ni buti, ule mfuko wa mpira unaofunika jointi, kuchanika: grisi inarushwa nje, ule udongo mwekundu wa shamba unaingia ndani na masika yake. Jointi ikishaanza kulia, gololi zimeshachimba njia zake, hakuna grisi itakayoiponya. Lakini kama shafti ya upande wa kulia iko kimya, kwa nini ibadilishwe? Kaka aingie uvunguni atazame. Akiona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu, buti imekwenda. Buti mpya, klampu mbili, jointi ioshwe vizuri, itiwe grisi nyeusi ya molibdenamu, basi.

Kutoka: Mtu wa Wete, Muscat

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba mimi shafti mpya za bei ya chee siziamini. Nachukua mtumba asilia iliyotoka kwenye gari ya Japani iliyokatwa. Mtaa wa Gerezani pale Dar, penye maduka ya spea, zimejaa. Ila asiende mtu na picha ya simu, aende na shafti ya zamani mkononi. Azilaze pamoja, alinganishe urefu zikiwa zimebanwa, ahesabu meno ncha zote mbili, atazame kama ringi ya ABS ipo. Kisha aikunje jointi na kuizungusha: ikikwama au ikicheza, airudishe mezani kwa mwenyewe.

Kutoka: Bint Chake

Ahsanteni sana. Kaka mdogo yuko huko, ametazama leo: ni NCP61, ABS inayo. Buti ya upande wa kulia imepasuka lakini jointi yake haijaanza mlio. Fundi ana haraka ya kufungua, nimwambie nini?

Kutoka: Abu Jang'ombe

Mwambie nati ya habu, ile kubwa ya katikati ya gurudumu inayoshika shafti, ailegeze gari ikiwa chini na breki imekanyagwa, soketi 30. Ule ukingo wa nati uliobonyezwa aufungue kwa tindo kwanza, asiilazimishe, ataharibu meno. Kutoa upande wa giaboksi asivute shafti kwa mkono, jointi ya ndani itaachana. Apenyeze chuma baina ya jointi na giaboksi, abinye. Aweke chombo cha kukinga chini yake, oili itamwagika.

Sili ya giaboksi, ile ringi ya mpira inayozuia oili, na ringi ya waya kwenye ncha ya shafti ziwe mpya. Mafundi wengi huirudisha sili ile ile kisha oili inavuja, lawama anapewa aliyeleta spea. Shafti ikiingia asikie inabana, aivute kidogo kwa kushika jointi yenyewe. Ikikataa kutoka, imekaa. Nati nayo mpya, ikazwe kwa spana ya torki nyutonimita 216, halafu abonyeze ukingo. Bila hiyo spana watakaza kwa kukisia na beringi ndiyo itakayolipa. Mwisho oili ya giaboksi ijazwe, aina ile iliyoandikwa kwenye kijiti chake cha kupimia, si yoyote iliyopo gereji.

Kwa hiyo kaka wa Leicester abebe buti ya upande wa kulia, klampu, grisi, sili mbili na nati mbili. Ni vyepesi. Shafti ya kushoto itoke Dar, na gari isitembee mpaka ifike.

Kutoka: Mtu wa Wete

Shemeji yangu anapanda boti kwenda Dar Jumatano. Kama shafti ya zamani itafika bandarini Malindi, Unguja, kabla yake, ataichukua na kwenda nayo Gerezani. Nitumie namba ya simu ya mdogo wako faragha, si humu.