Kundi la wenye motokari MGB, Lubumbashi

Papa Nathalie: Jambo yenu. MGB ya 1969, kabureta mbili za SU HS4. Ralanti (moteri ikizunguka bila kukanyaga gesi) inatetemeka, buji (plagi) za silinda 1 na 2 nyeusi tii, za 3 na 4 rangi ya kahawia. Nianzie ekru ya jikleri, lile tundu la kabureta linalopitisha esanse (petroli)?

Yaya Kazadi: Hapana, Papa! Ekru ni ya mwisho kabisa. Kwanza nafasi ya supapu (valvu), 0,38 mm, moteri baridi. Ya 8 ikiwa wazi hadi mwisho, pima ya 1. Ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3. Jumla ni 9 kila mara.

Mama Béa: Kisha nafasi ya platini (kikata-umeme cha kuwasha buji) 0,38 mm, ya buji 0,64 mm.

Papa Nathalie: Hivyo viko sawa.

Mama Béa: Basi ni kabureta ya mbele, ndiyo inalisha 1 na 2. Angalia chini yake: ukirudisha starteri (kivuta cha kuwashia moteri baridi), jikleri inapanda mpaka juu? Vumbi hili la kiangazi linaikwamisha, inabaki chini, esanse inapita nyingi. Ipanguse, usiilazimishe kwa koleo.

Yaya Kazadi: Inua pia pistoni ya kabureta kwa kidole, uiachie. Lazima ianguke na kulia "ta!" Ikishuka kimya, sindano yake inagusa jikleri ama ndani kuchafu. Na usichanganye pistoni ya mbele na ya nyuma, kila moja ina kikombe chake cha juu.

Papa Nathalie: Mafuta ya kikombe?

Yaya Kazadi: Namba 20, yapite ncha ya bomba la pistoni kwa 13 mm hivi. Yakikauka, ukikanyaga gesi, motokari inasita.

Papa Nathalie: Na kuzisawazisha?

Mama Béa: Moteri iwe moto, filtre za hewa zitoke. Legeza kibano cha mti unaounganisha kabureta, weka mpira mwembamba sikioni, sikiliza mdomo wa kila moja. Geuza visi za ralanti mpaka mluzi ulingane, ndipo ukaze kibano.

Yaya Kazadi: SASA ekru 😄 Zote mbili juu kabisa, kisha shusha pande 12 za ekru, yaani mizunguko miwili. Inua pistoni ya moja kidogo sana, 0,8 mm. Moteri ikipanda na kubaki juu, esanse ni nyingi: pandisha ekru upande mmoja. Ikitaka kuzima, shusha. Ikipanda kidogo na kurudi, acha hapo. Hapa L'shi (Lubumbashi) tuko karibu mita 1.200, hewa nyepesi, mara nyingi ekru itaishia juu kidogo, yaani pande pungufu ya zile 12.

Papa Nathalie: Aksanti sana. Mpira ninao, vipande vya kupimia nafasi vya kwangu vimeota kutu.

Mama Béa: Vyangu viko kwangu, mtaa wa Bel-Air, pitia kesho kisha misa. Nina pia gasketi mbili za kikombe cha esanse, chukua moja. Ile ya zamani ukiifungua haizibi tena.

Yaya Kazadi: Kesho saa nane nakuja na sikio langu. Moteri usiwashe kabla sijafika, supapu tunazipima upya.